Simamisha Hadithi Hapo

Mama alinipa mpaka Idi. Ikipita Idi na hadithi zangu bado hazitulishi, nitakwenda kwa mjomba, kaka yake Mama, nikashike ukarani katika duka lake la vifaa vya ujenzi, na kile kipaza sauti changu nikiuze au nikitupe ziwani, yeye hajali. Alinieleza hayo akichambua mchele, wala hakuinua macho. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilifungua mdomo nimjibu. Halafu nikakumbuka kwamba hata huo mchele ameununua yeye, kwa pesa ya kupikia watu pilau za harusi. Nikaufunga.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya kupanga pale mtaa wa Migosi, Kisumu, baada ya baba kufariki na ndugu zangu kuolewa mbali. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtangazaji katika kituo kidogo cha redio mjini, nikisoma matangazo ya vifo na ya mbegu za mahindi, mpaka mwenye kituo alipochoka kulipa bili na kufunga milango. Nilipobaki nyumbani nikaanza kutunga hadithi ya kusikiliza, kipande kwa kipande. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyefungua hoteli ya samaki karibu na gati, ambaye mumewe alivuka ziwa kwenda kununua mashine ya barafu, asirudi. Nilirekodi ndani ya kabati la nguo, mlango nimeufunga, madera ya Mama yakinipangusa uso, kwa sababu Migosi ina makanisa, pikipiki, na majogoo wasiojua saa. Nikimaliza, natia picha moja ya ziwa juu ya sauti na kuiweka kwenye ule mtandao mkubwa wa video ambao kila mtu anaujua.

Watu walikuja, hilo siwezi kulikana. Walikuja wengi kuliko wanaojaa uwanjani timu yetu ikicheza nyumbani. Walicheka, waligombana wao kwa wao kama yule mume amekufa au ameoa upande wa pili, waliandika kwamba hawalali mpaka wajue. Nami nikajiona nimefika. Kumbe kufika kuna masharti yake. Uwe na watu kiasi fulani, wakutazame saa kiasi fulani, na nilipoyatimiza yote nikaandikiwa kwamba kazi yenye picha moja isiyotikisika haifai kuwekewa matangazo, kwa hiyo haina malipo. Nikaandika kulalamika, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena kwa ukali, mashine ikanishukuru kwa maoni yangu.

Baada ya hapo watu wakaanza kuyeyuka. Siku moja nilikutana na jamaa mmoja Manyatta, mtu aliyekuwa akisikiliza kila kipande, akaniuliza kwa masikitiko kwa nini niliacha. Nilikuwa nimetoa kipande jana yake. Hakuwa ameondoka yeye, ila mtandao ulikuwa umeacha kumwonyesha. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikamwambia Mama kwamba nimeibiwa watu. Mama akasema huwezi kuibiwa ambacho hujawahi kukishika, na mjomba ameuliza tena.

Aliyenitoa huko ni jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja wa Nyakach anayeuza vitenge. Alikuja kuazima pasi, akanikuta nimejikunyata juu ya simu.

"Hii video yako inakula bando ya mtu bure tu," akaniambia. "Picha ni hiyo moja. Ziwa, ziwa, ziwa. Mimi ziwa naionanga kila siku bila kulipa. Nipatie sauti peke yake."

Nikamtumia sauti peke yake. Yeye akawatumia wenzake wa chama cha kuchangiana kule kwao Katito, na mmoja wao, fundi wa nguo mwenye vyerehani kwenye baraza karibu na stendi, akaiweka kwenye spika akishona. Mwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye flashi akainakili bila kumuuliza mtu. Niliposikia hilo nilitaka kwenda kumvunjia kibanda, lakini jirani akanicheka. "Wewe sema namba yako ya simu mwisho wa kila kipande," akasema. "Acha wabebe. Wakibeba hadithi, si wamekubeba na wewe?"

Nikafanya hivyo, na simu ikaanza kupokea salamu kutoka mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Mlinzi wa ghala. Muuguzi aliyeko nchi ya baridi, ambaye dada yake alimtumia kipande kimoja naye akataka vyote. Wachuuzi wa Dunga wanaosikiliza huku wakiparua samaki magamba. Kila mmoja nilimwandika kwenye simu yangu, na kila kipande kipya nilimtumia mwenyewe kwa mkono wangu. Najua hata hizo meseji zinapita kwa tajiri fulani asiyenijua. Lakini namba zilikuwa kwangu, na mtu asiposikia kipande aliniuliza mimi, hakunidhania nimekufa.

Kuhusu malipo, jirani alitaka niseme mwishoni kwamba mwenye kupenda atume chochote. Nilijaribu kulisema hilo kabatini. Mama, aliyekuwa akikunja nguo upande wa pili wa mlango, akauliza kama sasa tumekuwa ombaomba. Nikalifuta. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na kila nilipompigia mjomba kumsalimu aliniambia kiti changu kiko tayari, chenye magurudumu.

Halafu pesa zikaanza kuja zenyewe.

Simu ililia, nikaona pesa kidogo kutoka kwa mtu nisiyemjua. Sasa, mtu aliyekulia mjini kwetu anajua mambo mawili kuhusu pesa kama hiyo. Ama mtu amekosea namba, na muda si muda atapiga akilia ilikuwa ya karo ya mtoto, ama ni tapeli anayekutega. Kwa yote mawili dawa ni moja. Nikairudisha palepale. Ikaja nyingine, nikairudisha. Wengine walituma na maneno. Mmoja aliandika, "Ndume mweusi wa Nyakach, asiyefungwa kamba, anapita." Mwingine aliandika kwamba yeye ni mume wa mwanamke anayetembea soko likinyamaza. Nikasema moyoni, hawa wamelewa kweli, na bado hata mchana haujafika. Nikawarudishia wote. Nilijisikia mtu mwadilifu sana. Mama alinisifu kwa mara ya kwanza tangu redio ifungwe. Alisema pesa ya mtu usiilaze nyumbani kwako.

Siku chache baadaye simu ikanyamaza. Nilituma kipande, na Katito haikujibu hata neno. Jirani akaja, kitenge begani, hakubisha hodi wala hakusalimu, na huyo ni mtu asiyeweza kupita mbele ya mbuzi bila kumjulia hali.

"Watu wetu wamekukosea wapi?" akauliza.

"Watu gani?"

"Shemeji yangu ametuma pesa, ukamrudishia. Ile ndume ya Nyakach si ni yeye! Sasa watu wanamchekelea kwa stage, ati hata hadithi imemkataa."

"Nilidhani amekosea namba."

"Kukosea namba na ameandika sifa zake? Wewe si umezaliwa hapa hapa Kisumu? Pakruok hujui?"

Neno nililijua. Nilikulia Kaloleni, na nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na boma ambako hapakupita miezi bila matanga au karamu, na mpiga nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Waluo, akaletwa. Nyuzi zile zilikuwa zikienda, halafu ghafla zinakatika, sauti ya mtu inapanda akijisifu, watu wanapiga kelele, kisha nyuzi zinaanza tena. Mama alikuwa akifunga dirisha. Alisema kule kuna pombe na majivuno, na sisi hatumo. Kwa hiyo pakruok kwangu ilikuwa kelele za majirani. Sikuwahi kujua kwamba yule anayekatiza muziki ameulipia ukatike. Anatoa pesa, mpigaji anasimama, naye anajisifu mbele ya watu: yeye ni nani, ametoka wapi, ameoa wapi, anapendwa na nani. Akimaliza, muziki unaendelea, na mpigaji anakula siku hiyo. Kumrudishia mtu pesa yake ni kumwambia mbele ya kadamnasi kwamba hana sifa ya kusikilizwa. Na mimi niliwaambia hivyo watu wa Katito mmoja baada ya mwingine, kwa bidii, nikajiona mwadilifu.

"Kesho kutwa ni siku ya soko," jirani akasema. "Utakuja uone na macho yako. Na usijitambulishe."

Kule Katito, kwenye baraza ya fundi, kulikuwa na vyerehani vitatu na watu ambao wazi hawakuja kushona chochote. Mama mmoja alikuwa na kuku chini ya kwapa. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki zao, injini zimezimwa. Mzee wa kofia alikalia gunia la mtama. Mvua ilikuwa imetisha ikaghairi. Nikabanwa kwenye benchi karibu na jirani, na fundi akabonyeza spika. Nikajisikia mimi mwenyewe nikisimulia.

Nilikuwa nimezoea kuisikia sauti yangu kwenye simu, kavu, ndogo, nikiitafutia makosa. Hapa ilikuwa kubwa kuliko mimi. Mwanamke wa hoteli alikuwa anawasha jiko, na yule mama wa kuku aliitikia kwa koo kana kwamba ameamkiwa. Mahali nilipodhani pana kichekesho, hawakucheka. Mahali ambapo mimi sikuona kitu, kijana mmoja alijipiga paja na kugeuka kumtazama mwenzake. Nilitamani kumshika bega nimuulize umesikia nini hapo, niambie.

Ikafika pale ambapo mwanamke anampakulia mteja wa kwanza, anamchagulia kichwa cha samaki kwa sababu amemwona ametoka mbali. Mkono ukainuka.

"Simamisha hadithi hapo!"

Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua la dereva wa lori. Akampa fundi pesa, fundi akazima. Miguu ikatulia kwenye vyerehani. Akasimama katikati ya baraza, akajivuta, akasema kwa Kiluo, nami nikishika maneno kama nilivyoyashika ukutani utotoni, safari hii bila mtu wa kufunga dirisha. Yeye ni mwana wa mwanamke wa mlimani aliyezaa wanaume watupu. Yeye ni yule ambaye hoteli zote za njia ya Kisii zinamwekea kichwa cha samaki bila kuagiza. Yeye amemwoa binti wa watu wasioomba chumvi, na wakwe zake wakimwona wanasahau hasira. Watu wakapiga kelele za furaha. Mama wa kuku akapiga vigelegele, kuku akatapatapa. Yule mtu akakaa chini, amejaa, uso umeng'aa, na fundi akabonyeza. Sauti yangu ikaendelea palepale ilipoachia, samaki bado wa moto.

Nilishangaa. Nimesoma mengi kuhusu jinsi watu wa mtandaoni wanavyotafuta riziki. Nimesoma kuhusu matangazo, wafadhili, wanachama wa kila mwezi, vikombe vyenye picha yako. Hakuna aliyeniambia kwamba hapa ziwani, nyuma ya ukuta wa nyumba niliyozaliwa, watu walikwishatengeneza haya zamani sana na kuyaweka yakatulia. Msikilizaji halipi ili asikilize. Kusikiliza ni bure, hata mtoto anaruhusiwa. Analipa ili naye asikike. Na analipa pale ambapo hadithi imemgusa, ili watu wote wajue ni yeye aliyeguswa. Nilikaa kwenye lile benchi nikawaogopa wale watu, kwa hofu ya heshima, kama unavyomwogopa mtu uliyemdharau ukiwa hujui ni mkwe wako.

Jioni hiyo nilirekodi ujumbe kwa Kiluo changu cha kuokoteza, nikamwomba shemeji wa jirani anipitishie tena zile sifa zake, hadithi imekaa inamngoja. Alituma tena, pesa na sauti. Safari hii alijiita ndume aliyefukuzwa zizini akarudi na ufunguo, na nikaiweka sauti yake katikati ya kipande, mahali alipotaka mwenyewe.

Kuanzia hapo nikabadili namna ya kutunga. Nilianza kuacha nafasi. Zamani nilikuwa nikikimbiza maneno, nikiogopa mtu atatelezesha kidole aende kwa mwingine. Sasa mwanamke wa hoteli akimwaga maji, namwacha ayamwage yote. Akikaa mlangoni, nampa muda wa kukaa. Wasikilizaji waliingia humo na sifa zao, wakanitumia pesa na sauti, nami sauti nikazishona ndani ya kipande kinachofuata. Muuguzi wa nchi ya baridi alijisifu kwamba yeye ndiye anayewafunga macho wazungu wakifa, kwa mikono iliyooshwa na maji ya ziwa. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la baiskeli mjini alijisifu kwa Kiluo safi kuliko changu, kwamba amekula omena, dagaa wa ziwa hili, kabla hajaota meno na hana mahali pengine pa kuzikwa wala kuchomwa. Mwanamke wa Manyatta alijisifu tu kwamba bado yupo. Huyo alinitoa machozi, na nikamwachia kimya kirefu kuliko wote.

Mama hakupendezwa. Aliniuliza ni wanaume gani wale wanaonguruma ndani ya kabati lake la nguo, tena Ramadhani. Nilimweleza. Akasema watu wazima hawajisifu, wanasubiri kusifiwa. Lakini niliona kwamba nikianza kusikiliza sauti zilizoingia, huacha kugonga vyombo. Hata dukani kwa mjomba, alisema, wapakia saruji wanaisikiliza siku nzima, na mjomba mwenyewe hujifanya anahesabu misumari.

Idi ikafika. Nilipiga mahesabu ya mwezi na nikaona ukweli, ambao sikutaka kuupamba. Hadithi ilinunua chakula na umeme. Kodi haikuifikia. Ilikuwa karibu, lakini karibu siyo nilichoahidi. Nikamwambia Mama kwamba nitaanza kazi kwa mjomba wiki ijayo, na hiki ninachotengeneza ni kipande cha mwisho, maana ukarani wa kutwa na kabati haviendi pamoja. Nilitegemea aseme afadhali. Alisema tu, "Haya," akaenda jikoni.

Basi nikajifungia kabatini asubuhi ile kuwaaga watu. Nilikuwa nimempa mwanamke wa hoteli barua kutoka ng'ambo ya ziwa na nilikuwa sijui kama nimwache aifungue. Moyo ulikuwa mzito, nasema wazi, nilikuwa nafiwa. Simu ikatetemeka. Pesa. Nikatazama jina la mtumaji, nikatazama tena. Lilikuwa jina la Mama. Nilikuwa namsikia jikoni, mwiko ukigonga sufuria.

Kabla sijafikiri lolote ikaingia sauti.

"Simamisha hadithi hapo," alisema Mama, na nyuma yake kitunguu kilikuwa kinakaangwa. "Ni mimi. Mimi binti wa fundi wa reli aliyetoka pwani akaoa huku na asirudi. Mimi wa Kaloleni. Wali wangu haushiki sufuria. Nimepikia harusi za mji huu nikiwa nimefunga, sikuonja, na hakuna aliyelalamika chumvi. Mume wangu alikuwa mzuri, mkitaka mkasirike. Kaka yangu, najua unasikiliza, kile kiti chako chenye magurudumu mpe mtu mwingine. Kodi yetu ilikuwa inalipwa kabla huyu hajajua kuongea, na itaendelea kulipwa. Na ninyi mnaotoa pesa kwa ajili ya sauti hii, mimi ndiye niliyeizaa. Nimemaliza. Endelea, watu wanangoja."

Nilikaa mle ndani nimeshika simu kwa mikono miwili, nikilia kwenye madera yake. Nililia kwa kelele. Bila shaka alinisikia. Nilipoweza kusimama nikajifuta uso kwa dera la karibu, nikafungua mlango, nikaenda jikoni. Alikuwa anakoroga, amenipa mgongo, mtandio umemteleza begani. Nikamuuliza ninachomuuliza kila mtu anayetuma.

"Unataka nikuweke wapi?"

Hakugeuka.

"Mwanzoni," akasema. "Kabla wewe hujafungua mdomo."